Arubuni kwa wasanifu michoro: Kinga ya fundi na ya mteja wake

WAHENGA walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Wengi huitumia methali hii kwa mkopo wa fedha, lakini hakuna anayeielewa vyema kuliko msanifu michoro anayefanya kazi kwa kujitegemea. Siku anapopewa kazi ya kubuni nembo, kadi ya harusi au bango la duka, mteja humpigia simu kutwa. Siku anapoiwasilisha kazi na kudai ujira wake, simu ya mteja huyo huyo haishikwi.

Mteja wa aina hii hakukopa pesa, alikopa kazi. Na mkopo wa kazi una ubaya wake. Fundi wa cherehani kule Gikomba hukata kitambaa baada ya kupokea nusu ya bei. Seremala hudai pesa za mbao kabla ya kuliranda hata ubao mmoja. Hakuna mteja anayeudhika, kwa sababu mbao na kitambaa vinaonekana kwa macho. Malighafi ya msanifu ni fikra, saa na ujuzi, na kwa kuwa havishikiki, mteja hudhani havina gharama. Msanifu naye huona haya kudai, akihofia kwamba mteja atakwenda kwa mwingine.

Makala haya yanaeleza arubuni ni nini, sheria za Kenya zinasema nini, kiasi kinachofaa kudaiwa, namna ya kukidai kwa heshima, na hatua za kuchukua mapatano yanapovunjika.

Maana ya arubuni

Arubuni ni neno lenye asili ya Kiarabu. Ni fedha anazotanguliza mnunuzi ili kuthibitisha kwamba amekusudia kuyatimiza makubaliano. Kwa sauti, neno hili linakaribiana na kitenzi ‘kurubuni’, yaani kumshawishi mtu kwa hila. Yafaa msanifu akumbuke ukaribu huo: arubuni isiyofafanuliwa vyema hugeuka kuwa tuhuma ya kurubuniwa.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni arubuni yenyewe, ambayo mtoaji huipoteza akivunja mapatano bila sababu. La pili ni malipo ya awali, ambayo ni sehemu tu ya bei iliyotangulizwa. Haya kwa kawaida hurejeshwa ikiwa huduma haikutolewa. La tatu ni amana, ambayo huwekwa kwa mtu wa tatu hadi masharti yatimizwe.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, inaagiza kwamba mikataba nchini iongozwe na kanuni za Uingereza zilizotokana na maamuzi ya mahakama. Katika kesi ya Howe dhidi ya Smith ya mwaka 1884, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba mnunuzi wa ardhi aliyeshindwa kukamilisha ununuzi hangerejeshewa pauni 500 alizotanguliza, kwa kuwa fedha hizo zilikuwa dhamana ya kutimiza ahadi.

Hata hivyo, uamuzi huo haumpi mpokeaji ruhusa ya kuweka kibindoni chochote apendacho. Mnamo 1993, Baraza la Faragha jijini London, likiamua rufaa kutoka Jamaica, lilikataa muuzaji wa ardhi abaki na arubuni ya asilimia 25. Lilisema kiasi hicho kilizidi kadiri ilhali desturi ya mauzo ya ardhi ni asilimia 10. Funzo kwa msanifu ni kwamba kuandika tu maneno ‘pesa hazirudishwi’ hakutoshi. Ni salama zaidi kuyafunga malipo ya awali na hatua mahsusi za kazi, ili kila shilingi anayobaki nayo iwe na kazi inayoithibitisha.

Pwani yetu ina jambo jingine la kuzingatiwa. Katika sheria ya Kiislamu, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafi hawaikubali arubuni ambayo mnunuzi huipoteza akighairi, ilhali wale wa Hanbali wanairuhusu. Mteja wa Mombasa au Lamu anayesita hapo huenda hana ubahili wowote; anachunga dini yake. Msanifu mwenye busara atamweleza kwamba fedha hizo ni ujira wa hatua ya kwanza ya kazi, na kwamba hatua hiyo isipofanywa zitarejeshwa.

Sheria ya hakimiliki ina mtego

Wasanifu wengi huamini kwamba mchoro ni wao hadi walipwe. Imani hiyo inaweza kuwatia hasarani. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kuwa kazi inapoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale ambapo pande mbili zimekubaliana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo.

Hebu msomaji apime uzito wa maneno hayo. Msanifu aliyeagizwa kwa mdomo, akachora nembo bila arubuni na kuituma kwa WhatsApp, anaweza kudai deni lake kama mdai mwingine yeyote. Lakini kumzuia mteja kuipaka nembo hiyo kwenye magari na kuta zake ni jambo gumu, kwa sababu huenda sheria tayari imemhesabu mteja kuwa mwenyewe. Ameshikilia ahadi tupu.

Tiba yake ni sentensi moja katika mapatano: “Hakimiliki ya kazi hii itabaki kwa msanifu hadi bei yote itakapolipwa, baada ya hapo itahamia kwa mteja.” Sentensi hiyo na malipo ya awali ni kufuli na ufunguo wake. Pesa humlinda msanifu dhidi ya kufanya kazi bure, na maandishi humlinda dhidi ya kazi yake kutumiwa bure.

Kiasi kinachofaa

Hakuna sheria inayotaja kiwango. Kilichozoeleka katika fani hii ni nusu kwa nusu: asilimia 50 kabla ya kuanza na asilimia 50 kabla ya kukabidhi faili za mwisho. Kazi ndogo, kama vile kadi au kipeperushi cha ukurasa mmoja, na kazi ya dharura hulipiwa yote mapema. Kazi kubwa ya miezi kadhaa hugawanywa katika awamu tatu au nne.

Tuchukue mfano. Shule mpya mjini Nakuru inataka nembo, barua rasmi na bango la langoni. Msanifu anakadiria ujira wake kuwa Sh40,000. Anaweza kudai Sh16,000 kabla ya kuanza, Sh12,000 shule ikishachagua mchoro mmoja kati ya rasimu tatu, na Sh12,000 za mwisho kabla ya kukabidhi faili. Mteja akitoweka baada ya rasimu, msanifu atakuwa amelipwa kwa kazi ya rasimu. Naye msanifu akitoweka, shule itakuwa haijapoteza bei nzima.

Gharama za uchapishaji zihesabiwe kando. Hapa ndipo wengi huangamia. Mwenye mashine ya kuchapa katika barabara ya River Road hatawasha mashine kwa ahadi. Anataka pesa za karatasi na wino. Ikiwa bango la shule litagharimu Sh15,000 kulichapa, fedha hizo zilipwe zote mapema, na ikiwezekana mteja azilipe moja kwa moja kwa mchapishaji. Msanifu anayetumia arubuni yake kulipia uchapishaji amekuwa benki ya mteja, tena benki isiyotoza riba.

Namna ya kudai

Wakati mwafaka wa kutaja arubuni ni pale bei inapotajwa. Anayeitaja baada ya kazi kuanza huonekana amebadili masharti. Itajwe bila kuomba radhi na bila hadithi ndefu za kodi ya nyumba au karo ya watoto. Hayo ni ya kweli, lakini si hoja ya biashara. Ujumbe kama huu unatosha:

“Mwalimu Mkuu, nashukuru kwa kuniamini na kazi ya shule. Bei ya kazi yote ni Sh40,000. Utaratibu wangu ni kupokea Sh16,000 kabla ya kuanza, na salio kwa awamu mbili kama nilivyoonyesha katika makadirio niliyoambatisha. Nikishapokea, nitaanza Jumatatu na rasimu tatu za kwanza zitakufikia baada ya siku saba za kazi.”

Neno ‘utaratibu’ lina nguvu. Linamwonyesha mteja kwamba hakuchaguliwa yeye kushukiwa. Kila mteja hupitia mlango huo huo. Vilevile ujumbe unataja tarehe, kwa hivyo mteja anajua pesa zake zimenunua nini. Anayesema “anza tu, tutaonana” ajibiwe kwa upole kwamba nafasi yake katika ratiba itawekwa malipo yakifika. Na akikataa kabisa kutoa chochote, huo pia ni ujumbe. Asiyeweza kutoa Sh16,000 wakati anaihitaji kazi, ni nadra atoe Sh40,000 akishaipata.

Maandishi na stakabadhi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba si lazima uwe wa kurasa kumi wala uandikwe na wakili. Ukurasa mmoja unatosha, mradi utaje mambo haya: kazi inayofanywa na isiyofanywa; idadi ya rasimu na ya marekebisho; bei na awamu za malipo; tarehe; lini malipo ya awali yatarejeshwa na lini hayatarejeshwa; hakimiliki itahamia lini; na nini kitatokea mteja akikaa kimya, kwa mfano, kwa siku 30.

Suala la marekebisho lisipuuzwe. Ugomvi mwingi hautokani na kukataa kulipa bali na kazi isiyokwisha: leo rangi ya samawati, kesho kijani, keshokutwa turudie ile ya kwanza. Mkataba useme marekebisho mawili yamo ndani ya bei na ya tatu yatalipiwa.

Malipo yakitumwa kwa M-Pesa, msanifu ahakikishe kwamba salio lake limeongezeka kwa kweli, kwa kuwa ujumbe wa simu unaweza kughushiwa. Kisha atoe stakabadhi inayotaja kazi na awamu iliyolipiwa. Wateja walio kampuni watahitaji ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), kwani tangu Januari 1, 2024, gharama zisizo na ankara hiyo, ila zile zilizosamehewa, hazikubaliwi katika kukadiria ushuru wa biashara. Kampuni pia inaweza kukata asilimia 5 ya ada ya kitaalamu na kuiwasilisha KRA kwa niaba ya msanifu. Adai cheti cha makato hayo, kisha ayahesabu anapowasilisha taarifa zake za ushuru.

Hadi salio lilipwe, mteja aonyeshwe picha za ubora wa chini zenye jina la msanifu likipita katikati. Faili halisi, ambazo mchapishaji anaweza kuzitumia, hukabidhiwa mwisho.

Jamaa, mazishi na kampeni

Kuna wateja ambao kanuni hizi huwa ngumu kwao. Wa kwanza ni jamaa. Mjomba anayeozesha binti yake hatarajii kuulizwa arubuni ya kadi. Hapa msanifu ana njia mbili za heshima: kuifanya kazi kuwa mchango wake wa harusi na kuitangaza hivyo mbele ya kamati, au kuifanya kwa bei na masharti ya kawaida. Njia ya tatu, ya kufanya nusu kwa undugu na nusu kwa biashara, ndiyo huvunja undugu na biashara pamoja.

Wa pili ni waliofiwa. Kijitabu cha ratiba ya mazishi huhitajika kwa siku mbili au tatu, na hakuna mwenye moyo wa kumbana mjane kuhusu pesa. Msanifu azungumze na mweka hazina wa kamati ya mazishi, si na familia. Kazi hii ilipiwe yote mapema, kwa sababu baada ya mazishi kamati huvunjika na hakuna wa kudaiwa.

Wa tatu ni wawaniaji wa viti vya siasa. Msimu wa kampeni huleta kazi tele za mabango na fulana, lakini mwaniaji aliyeshindwa hana ofisi ya kuendewa, na aliyeshinda hana nafasi ya kuonana na mtu. Wanaojiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2027 waishike kanuni moja: mwanasiasa hulipa yote kabla ya faili kutoka.

Serikali na wateja wa ng'ambo

Ofisi za umma zina utaratibu wake. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kwa kawaida hazilipi kabla ya kazi kutekelezwa na kukubaliwa, ila pale nyaraka za zabuni na mkataba zinapotaja hivyo. Kuzidai arubuni ni kupoteza muda. Msanifu adai hati rasmi ya kuagiza kazi, maarufu LPO, kisha ajipime kama anaweza kungoja malipo yanayoweza kuchelewa kwa miezi mingi. Kama hawezi, aiache kazi hiyo.

Kwa wateja wa ng'ambo, mitandao ya kazi huru kama Upwork hutumia mfumo wa amana katika kazi za bei maalumu: mteja huweka fedha kwanza, nazo hushikiliwa hadi aikubali hatua husika. Kwa wanaopatana nje ya mitandao hiyo, PayPal na M-Pesa ziliunganishwa mwaka 2018, hivyo kumtumia msanifu wa Kenya malipo ya awali si tatizo tena. Mteja wa nje asiyelipa ni vigumu kumshtaki, na hilo ni sababu ya kudai awamu ya kwanza kubwa zaidi.

Mapatano yakivunjika

Mteja akighairi kabla ya kazi kuanza, uungwana na usalama wa kisheria unataka arejeshewe fedha zake, pengine baada ya kukatwa gharama iliyotajwa katika mkataba. Akighairi baada ya rasimu, malipo ya hatua hiyo yabaki kwa msanifu. Msanifu akishindwa kufanya kazi, arejeshe alichopokea kwa hatua ambayo hakuikamilisha, na afanye hivyo bila kungoja kusukumwa.

Salio likikataliwa, hatua ya kwanza ni barua ya madai inayotaja kiasi, tarehe na siku za mwisho za kulipa. Ikipuuzwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, mahakama haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka kesi ikamilishwe ndani ya siku 60. Makadirio, stakabadhi ya arubuni na mazungumzo ya WhatsApp ndiyo mashahidi wake. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka sita, lakini ushahidi huzeeka upesi kuliko sheria.

Mlango wa mahakama hiyo uko wazi kwa mteja pia. Aliyetoa arubuni na asipewe kazi anaweza kumshtaki msanifu arejeshe fedha. Na ni haki. Wateja wengi wanaokataa kutanguliza pesa waliumwa na nyoka zamani. Sasa wakiona ung'ong'o hushtuka. Walikwisha kumlipa mtu, akahamia kwingine na kubadili nambari ya simu.

Kwa sababu hiyo, anayedai arubuni ajue kwamba amejifunga. Kuanzia dakika anayopokea ujumbe wa malipo, ana tarehe ya kutimiza. Akiona atachelewa, aseme mapema, akiugua, aseme, akishindwa, arejeshe. Fundi wa cherehani aliyedumu miaka 20 kwenye kibanda kile kile hapewi nusu ya bei kwa sababu wateja wake ni wakarimu. Hupewa kwa sababu Ijumaa aliyoitaja, nguo huwa tayari. Ahadi ni deni, na aliyepokea arubuni ndiye mdaiwa wa kwanza.